Kampa ya Hiace ya zamani: paa linavuja, friji inazima usiku

Mkuu, umeuliza mambo matatu: harufu ya ukungu kwenye kabati la nyuma, friji inayozima usiku wa manane ingawa betri ya ndani (ile ya matumizi ya kampa, si ya kuwashia injini) ni mpya, na kama unaweza kuchomeka umeme wa kambini moja kwa moja. Gari lako ni Hiace ya miaka ya 90 iliyogeuzwa kampa (gari la kulala safarini) hukohuko Japani, kwa hiyo naanza na hilo la mwisho, maana ndilo linaloweza kukuunguzia vitu papo hapo.

Usichomeke kwanza. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wa kwetu ni 230. Chaja, maikrowevu na soketi za pini mbili bapa unazoziona humo ndani vyote vilitengenezwa kwa volti 100. Adapta ya dukani inabadilisha umbo la pini tu, haishushi volti. Soma kibao cha chaja. Kikiwa kimeandikwa AC 100V peke yake, ama uweke transfoma ya kushusha 230 hadi 100, ama utoe chaja hiyo ufunge ya 230 inayotoa ampea 15 au 20 kwa betri ya volti 12. Mimi ningetoa. Transfoma ya kubeba maikrowevu ni nzito, na maikrowevu yenyewe kwenye kampa ni mapambo. Pale umeme wa nje unapoingia, funga breka ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30, na bodi ya gari iunganishwe na waya wa ethi.

Sasa maji. Usitafute tundu pale unapoona doa. Maji huingia sehemu moja, yakateremka nyuma ya plaiwudi, yakaibukia mita moja au mbili mbali. Kwenye Hiace hizi shuku kwanza mfereji wa paa juu ya milango, mahali paa la fiberglasi linapokutana na bati, tundu la feni, taa ya breki ya tatu, na kila skrubu ya keria au soketi ya antena. Toa ubao wa nyuma wa kabati uone bati lenyewe. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine amwage maji nje kwa mpira, bila presha. Mashine ya kuoshea magari itapitisha maji hata pasipovuja. Anza chini, dakika tano kila sehemu, ndipo upande juu kidogo kidogo. Ukianza juu, maji yatateremka na kila ungio litaonekana linavuja.

Ukishapajua, fundi wa kwanza utakayemuuliza atakwambia piga silikoni. Kataa. Silikoni ile yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na bati linaota kutu chini yake. Pili, hakuna kinachoshika juu ya silikoni iliyokwishakauka: si rangi, si silanti (gundi ya kuziba maungio) nyingine, hata silikoni mpya haishiki vizuri. Wenye gari waliokutangulia huenda waliipaka tabaka juu ya tabaka, na kazi yako kubwa itakuwa kuikwangua yote.

Kwa kitu kilichofungwa kwa skrubu, kama fremu ya feni au ya dirisha, kitoe kabisa. Kwangua kwa kipande cha plastiki, futa kwa spiriti ya isopropili, acha pakauke. Zungusha utepe wa butili (mpira laini unaonata), na kila skrubu uizungushie kidogo. Kaza kwa zamu, huku na kule, mpaka butili itokeze pande zote, kisha usikaze zaidi. Kesho yake kaza tena kidogo, ukate iliyozidi. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Butili haikauki kuwa ngumu, ndiyo maana inavumilia gari linalotikisika kwenye makorongo.

Maungio ya bati na ya fiberglasi yanataka silanti ya poliyurethani, aina ya Sikaflex. Hii hukauka kwa unyevu wa hewani, takriban milimita 3 kwa siku, kwa hiyo usiende barabarani jioni ileile. Usiipake kwenye madirisha ya plastiki ya akriliki, yatapasuka nyufa nyembamba. Mfereji ukiwa na kutu, piga msasa mpaka bati ling'ae, weka praima ya epoksi, silanti, halafu rangi. Ukipiga puti juu ya kutu umepoteza pesa: puti hunyonya maji na kutu inaendelea chini kwa chini. Mbao nazo zichome kwa bisibisi, na inapobonyea kata mpaka ufike kwenye ubao mgumu. Usifunike chochote kabla hakijakauka.

Friji. Usinunue betri nyingine, nunua multimita, kile kipimo cha volti. Friji ndogo ya kompresa hula kama ampea 4 ikizunguka, na kwenye joto inazunguka nusu ya muda au zaidi, kwa hiyo weka hesabu ya 50Ah (ampea-saa) kwa siku. Betri ya asidi ya 100Ah usiishushe chini ya nusu, basi una 50 tu za kutumia. Ipime ikiwa imepumzika saa chache bila chaji wala mzigo: volti 12.7 imejaa, 12.2 ipo nusu. Kama jioni hata 12.6 haifiki, tatizo ni uchaji.

Ikiwa imejaa na friji bado inazima, sikiliza. Kama inajaribu kuwaka, inakata, na baada ya kama dakika moja inajaribu tena, mara nyingi betri haina kosa, ni waya. Kompresa nyingi za volti 12 hukata zinapoona takriban 10.4. Waya wa milimita mraba 1.5 ulio mita 5 kutoka betri (mita 10 kwenda na kurudi) una ohmu 0.12. Kwa ampea 4 unapoteza karibu nusu volti, na wakati wa kuwaka, ampea zikiongezeka maradufu, karibu volti nzima. Ongeza soketi ya kiberiti iliyolegea na tamino zenye kutu, ndiyo hiyo friji inazima. Pima volti kwenye betri, kisha kwenye friji yenyewe ikiwa inazunguka. Tofauti ikizidi 0.3, vuta waya wa milimita mraba 6, wa chanya na wa hasi, moja kwa moja toka betri, na fyuzi ya ampea 15 isizidi sentimita 20 kutoka tamino ya chanya. Fyuzi hulinda waya, kwa hiyo ikikaa upande wa friji haisaidii kitu.

Washa injini upime betri ya ndani: inatakiwa iwe na volti 13.8 hadi 14.4. Ikionyesha 13.1 huku ya mbele, ya injini, ina 14.2, relei (swichi inayoziunganisha betri hizo mbili) au waya kati yao haufai. Weka waya wa milimita mraba 16 wenye fyuzi ncha zote mbili. Na ukishawishiwa betri ya lithiamu, usiiunganishe kwa relei: itavuta ampea nyingi mpaka altaneta ya zamani iungue. Inataka chaja yake ya kati, inayokaa baina ya altaneta na betri hiyo, ya ampea 20 au 30.

Ukiwa humo, jaribu maungio ya gesi ya kupikia kwa povu la sabuni, si kwa kiberiti, na sanduku la mtungi liwe na tundu la sakafuni, maana gesi hii ni nzito kuliko hewa na hutuama chini. Tangi la maji la lita 60: mililita 85 za dawa ya klorini ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, jaza, fungua bomba zote mpaka unuse klorini, acha saa chache, suuza mara mbili.

Injini ikiwa ya dizeli aina ya 2L au 3L na huna ushahidi wa taimingi belti kubadilishwa, ibadilishe kabla ya safari, pamoja na tensheni yake. Ikikatika vali hugonga pistoni. Tairi ziwe za mzigo, zenye herufi C, na usome tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya 2016. Kampa haitembei sana, kwa hiyo tairi huzeeka kabla kashata hazijaisha, na ya tarehe hiyo itoe hata kama inaonekana mpya.