Motari aliyeanguka, akaongea, akafa usiku: si lazima iwe sumu

Dada, umeuliza kama yule motari (dereva wa pikipiki) aliyeanguka, akaongea vizuri, kisha akafa usiku, aliwekewa sumu. Hapana, si lazima kuna mtu aliyemwekea sumu. Ukigongwa kwenye panja, pale kati ya jicho na sikio, unaweza kuamka, ukapangusa vumbi, ukaongea vizuri, kisha ukazidiwa baada ya saa chache. Mifupa minne ya fuvu inakutana hapo, na ni pembamba sana; nyuma yake kwa ndani unapita mshipa wa damu. Mfupa ukivunjika unaweza kuuchana. Damu inajikusanya kati ya mfupa na utando unaofunika ubongo, inausukuma ubongo polepole, na kwa nje unaweza usione hata jeraha.

Mimi ni muuguzi wa dharura hapa Goma, na motari wasio na kofia tunawapokea hivyo: "alikuwa mzima, akaomba alale." Si wote wanaopata hiyo nafuu ya katikati, wengine wanazimia moja kwa moja. Lakini akianza kutapika, kichwa kuzidi kuuma, usingizi mzito, au mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine, mpelekeni palepale kwenye hospitali yenye daktari wa upasuaji. Msingoje asubuhi.