Maktaba ya McMillan haikuwa ya wote tangu mwanzo

Hapana, ndugu, si kweli kwamba Maktaba ya McMillan ilikuwa wazi kwa watu wote tangu mwanzo. Maktaba hiyo, iliyoko Mtaa wa Banda jijini Nairobi, ilifunguliwa mwaka 1931, lakini hadi mwaka 1958 Wazungu peke yao ndio walioruhusiwa kusoma humo, ingawa Waafrika wa Nairobi walikuwa wakiipita kila siku na kuziona zile sanamu mbili za simba zinazolinda ngazi zake. Jambo hili limo katika historia ya jengo lenyewe, na linaniuma kila ninapolikumbuka. Mwaka 1962 ni ule ambao baraza la jiji lilikabidhiwa maktaba hiyo. Wakati huo wasomaji wa rangi zote walikuwa wamekwisha kuruhusiwa kuingia.