Mwalimu Akibaki Darasani, Hojaji Haitakuambia Kweli

Wiki iliyopita makala yangu kuhusu mtazamo wa wanafunzi wa Kidato cha Pili kwa somo la hisabati ilikubaliwa kuchapishwa. Nimefurahi mno, sitaficha. Nilipoiweka stetasi, simu haikupumzika mpaka usiku. Katikati ya pongezi ukaingia ujumbe wa kijana anayesoma uzamili hapa hapa Dar es Salaam: "Shikamoo dada. Hongera sana. Naomba hojaji yako nami niitumie, nimebakiza kukusanya data tu."

Hojaji, yaani karatasi yenye sentensi ambazo mtoto anaonyesha kwa tiki kama anazikubali au hazikubali, nilimtumia siku ile ile. Lakini najua wengi wenu mnaonisoma mko alipo yeye, mnataka kumaliza tasnifu, mnataka kuchapisha, na wengine macho yenu tayari yako kwenye uzamivu. Kwa hiyo nalisema kwenu nyote: hojaji nzuri ikijazwa mbele ya mtu asiyefaa kuwepo, haina thamani.

Habari za vibali sitazirefusha. Barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, Mkurugenzi wa manispaa, afisa elimu sekondari, mpaka mkuu wa shule. Anza mapema, beba nakala za kutosha, na wahudumu wa masjala wasalimie vizuri.

Nilikuwa nafanya majaribio ya awali katika shule moja ya kata huko Temeke. Darasa lilijaa, wengine wamekaa watatu kwenye dawati la wawili. Walisimama wote, "Shikamoo madam," wakaketi. Mwalimu wa taaluma, ambaye alinipokea kwa ukarimu, akasimama nyuma kabisa, mikono mgongoni, ili watoto wasinisumbue. Nikagawa karatasi, nikasoma maelekezo, nikawaambia hakuna kuandika jina.

Sentensi ya sita ilisema: "Naogopa kuuliza swali kwenye kipindi cha hisabati." Nilikuwa nimesimama karibu na msichana mmoja wa dawati la mbele. Alipoifikia aligeuza shingo kidogo, akatazama nyuma, kisha akaweka tiki kwenye "Sikubali kabisa". Baadaye kidogo simu ya mwalimu ikaita, akatoka nje kuipokea. Yule binti akalowesha kidole kwa mate, akasugua tiki yake mpaka karatasi ikachubuka, akaweka nyingine kwenye "Nakubali kabisa". Nilipoinua macho nikaona si yeye peke yake. Huku wanafuta, kule wanakata na kuchora duara jipya. Mwalimu aliporudi, mikono yote ilitulia.

Nilipata somo kubwa pale kuliko katika sura nzima ya mbinu za utafiti. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamwomba kwa heshima kwamba katika madarasa yote yanayofuata mwalimu anitambulishe, kisha abaki ofisini. Alikubali. Nikarudia majaribio na darasa jingine, na majibu ya sentensi zile za woga yalikuwa tofauti kabisa.

Sasa niseme jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Siku nilipowasilisha pendekezo langu, mjumbe mmoja wa jopo aliniambia mbele ya wenzangu kwamba mtazamo wa mtoto wa miaka kumi na minne unabadilika kabla kengele ya mapumziko haijalia, nikachukue alama zao za mtihani ndipo nitakuwa na utafiti. Watu wakacheka. Niliketi nikiwa na uso mkavu, lakini niliumia, na hadi leo nikikumbuka kile kicheko naumia.

Ninao uhakika zaidi sasa kwamba hakuwa sahihi. Wanaopuuza mtazamo hupenda kutaja uchambuzi wa watafiti Ma na Kishor wa mwaka 1997, uliokusanya tafiti 113 na kukuta uhusiano kati ya mtazamo na ufaulu wa hisabati ni 0.12 tu, ambapo sifuri ni kutokuwepo uhusiano na moja ni uhusiano kamili. Ni mdogo, sikatai. Ila mimi nauliza: watoto katika tafiti za namna hii walijaza wakiwa wanatazamwa na nani? Kipimo kikichafuliwa, uhusiano unaweza kuonekana dhaifu kuliko ulivyo. Tena mtazamo una kazi yake nje ya alama. Kwa mtaala niliofanyia kazi, hisabati ni lazima hadi Kidato cha Nne, lakini fizikia na kemia mtoto anaweza kuziacha akiingia Kidato cha Tatu. Uamuzi huo anaufanya kwa hofu au kwa hamu aliyoijenga miaka miwili ya kwanza, hata kama alama zake hazikuwa mbaya.

Kwa Marekani, rika hili la shule za kati limechunguzwa sana. Mwanasaikolojia Jacquelynne Eccles na wenzake waliwafuatilia watoto wa Michigan katika miaka ya 1980 walipokuwa wakihama kutoka darasa la sita kwenda la saba, shule mpya na walimu wapya. Waliotoka kwa mwalimu waliyemwona anawajali wakaangukia kwa asiyewajali, hamu yao ya hisabati ilishuka. Niliposoma hayo niliwaona watoto wetu moja kwa moja. Wao wanahama shule na lugha ya kufundishia kwa mkupuo mmoja: Desemba anajua sehemu na asilimia kwa Kiswahili, muda mfupi baadaye anazikuta kwa Kiingereza, na anaona aibu kunyoosha mkono. Ukimpa hojaji ya Kiingereza hapo, utapima Kiingereza chake. Yangu iliandikwa kwa Kiswahili, na hilo nalo nililipigania.

Hojaji yangu nilianzia kwenye vipimo vya mtazamo wa hisabati vya watafiti wa Marekani, Fennema na Sherman, vya mwaka 1976. Ni vizuri, vinagusa kujiamini, wasiwasi, faida ya hisabati, hata mtoto anavyowaona baba, mama na mwalimu wake. Lakini usivibebe vilivyo. Sentensi za baba na mama nilizigeuza kuwa za mlezi, maana Mbagala na Chanika watoto wengi wanalelewa na bibi, mama mdogo au kaka, na mtoto anayeulizwa habari za baba asiyemjua ananyamaza, au anabuni.

Mle ndani sentensi nusu zinasifu na nusu zinalalamika, kwa makusudi. Kijana mmoja alinipa karatasi yenye tiki zilizonyooka juu hadi chini kwenye "Nakubali": anapenda hisabati na anaichukia, anaiweza na haiwezi. Bila zile sentensi za kinyume ningemhesabu kuwa mpenzi wa hisabati. Na kabla hujakokotoa alfa ya Cronbach, namba inayoonyesha kama sentensi zako zinakwenda pamoja, zigeuze kwanza alama za sentensi hizo, ili anayekubali lalamiko apate alama ndogo. Wengi wananiandikia kwa hofu kwamba alfa yao haifiki 0.7, kiwango kinachokubalika kwa kawaida, nikiangalia faili lao nakuta hawajazigeuza.

Lakini hata alfa ikiwa 0.9, mwalimu akiwepo darasani umepima utii. Mtoe mwalimu. Mtoe kwa adabu, mweleze sababu mapema, lakini mtoe. Na wewe mwenyewe usijigeuze mwalimu: acha fimbo ya kuonyeshea, acha kupita pita kati ya madawati ukichungulia. Karatasi ziingizwe kwenye bahasha na watoto wenyewe, zisikusanywe na kiranja, maana kiranja naye ni jicho la mwalimu. Waambie kwamba asiyetaka kujaza asijaze, na umaanishe. Ridhaa ya mzazi uwe nayo mkononi kabla ya siku hiyo.

Ndugu zangu, tunapenda vyeo vya usomi. Nami navipenda. Ila tusiwatumie watoto kama ngazi. Mtoto aliyekuambia siri ya woga wake amekuamini kuliko anavyomwamini mtu mzima yeyote pale shuleni, na ni dhambi kuchukua siri hiyo, kuipeleka kwenye jarida, kisha usirudi tena. Rudi shuleni na matokeo. Usitaje darasa wala mwalimu, maana utamwaibisha mtu na mlango utafungwa kwa watakaokuja baada yako.

Mimi nilirudi. Nilipewa muda mfupi kwenye kikao cha walimu, baada ya ajenda ya mahafali. Wengi walisikiliza kimya, na mmoja alisema watoto wa siku hizi wanadeka. Kisha mwalimu wa hisabati wa Kidato cha Pili akauliza jambo ambalo hojaji yangu haikuwa nalo: je, watoto wanamwogopa yeye, au wanaogopa kuchekwa na wenzao? Sikuwa na data ya kumjibu. Pendekezo langu la uzamivu linaanzia hapo, na shule ile imeshakubali kunipokea tena.