Mzee wa kofia nyuma ya Rocky Marciano

Niliandika juu ya Rocky Marciano, bingwa wa dunia wa uzito wa juu aliyestaafu na mapambano 49 bila kupoteza hata moja. Maswali mengi yamekuja kuhusu mzee mfupi mwenye kofia nyeusi ya mviringo anayeonekana naye pichani.

Ni nani huyo?

Charley Goldman, mwalimu wa ngumi wa Marciano, Myahudi aliyezaliwa Warsaw na kukulia Brooklyn, New York. Kofia hiyo aliiga kwa Terry McGovern, bondia aliyempenda tangu utotoni.

Naye alipanda ulingoni?

Sana. Alikuwa uzito wa bantam, moja ya madaraja mepesi, na mwenyewe alihesabu mapambano yapata 400. Yaliyoandikwa ni machache zaidi. Pua yake bapa na vidole vilivyopinda vilisema vingine.

Bingwa wake wa kwanza alikuwa Marciano?

La. Mwaka 1914 alikuwa na Al McCoy, Myahudi mwenzake, bondia wa mkono wa kushoto. McCoy alimwangusha George Chip raundi ya kwanza tu, akawa bingwa wa uzito wa kati.

Alimfundisha nini Marciano?

Hapa ndipo ninapompendea. Marciano alimjia mwaka 1948, tayari mtu mzima, hajafika futi 6, mikono mifupi, miguu imetanuka kama ya mtu anayesukuma gari. Alichokuwa nacho ni konde la kulia na pumzi. Mwalimu mwingine angemlazimisha asimame wima apigane kwa mbali. Goldman alimwinamisha zaidi, ili wapinzani warefu wapate taabu kumlenga, naye akiinuka anainuka na ngumi. Akamfunga miguu kwa kamba ili isiachane mno. Akamfundisha kuutumia mkono wa kushoto. Lile la kulia hakuligusa; alilipa jina tu, Suzie Q. Tarehe 23 Septemba 1952, huko Philadelphia, Marciano aliangushwa raundi ya kwanza na Jersey Joe Walcott, bingwa wa wakati huo, akawa nyuma kwa pointi za majaji wote watatu. Raundi ya 13 Suzie Q ikamkuta Walcott kwenye kamba za ulingo, pambano likaisha.

Alikuwa meneja wake pia?

Hapana, meneja alikuwa Al Weill. Goldman alikuwa mwalimu, mpaka Marciano alipostaafu mwaka 1956. Alifariki mwaka 1968.