Hirizi, wanja na degedege: umjibu nini mama mkwe

Mdogo wangu, umeuliza umjibu nini mama mkwe anayetaka kumfunga mwanao hirizi na kumpaka wanja asipatwe na kijicho. Uzi mweusi wa mkononi usiwagombanishe, ila usifungwe shingoni, unaweza kumkaba akiwa amelala. Wanja kataa kwa upole: mwingine una madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mtoto hujipangusa kisha akalamba vidole. Arobaini ya kukaa ndani ipokee kwa mikono miwili. Mimi ilinipa usingizi, uji wa pilipili manga na watu wa kunipokea mtoto.

Ninachokuomba sana ni kuhusu degedege, ile ya mtoto kukakamaa na kutetemeka mwili. Wazee husema ni ndege au shetani, eti sindano itamuua mtoto. Mara nyingi ni homa kali, na huenda ni malaria. Saa chache zinatosha kumpoteza. Tulimzika mtoto wa jirani aliyefukizwa moshi wa kinyesi cha tembo usiku kucha. Akishikwa, mlaze ubavu, usimtie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Mama mkwe aje pia, amsomee dua humo humo kwenye bajaji.