Charge: ni pesa, kesi au umeme?

Dada, umeuliza kama "you will be charged" kwenye mkataba wako wa pango Sinza ni kudaiwa pesa au kushtakiwa. Tazama neno linalofuata. Likija "for" ni malipo: "charged for water", unatozwa maji. Likija "with" ni mashtaka: "charged with theft", ameshtakiwa kwa wizi, ndiyo maana mawakili pale mahakama ya Kisutu huiita hati ya mashtaka "charge sheet".

Neno lilitoka Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya kupakia mzigo, na mzigo huo bado umo: simu inajazwa umeme, mteja anabebeshwa bei, mtuhumiwa anabebeshwa kosa. Hata inchaji wa wodi kabebeshwa wagonjwa. Kuna pia askari kuvamia kwa kasi, lakini hiyo haikuhusu.

Kama hakuna "for" wala "with", soma sentensi ya juu. Ikitaja shilingi, ni malipo. Usisaini kabla mwenye nyumba hajaandika kiasi chenyewe.