Jioni ya Uinjilisti kwa Watoto wa Miaka 9 hadi 12: Anza Kupanga na Njia ya Kurudi Nyumbani

Kwa miaka sita sasa nimekuwa miongoni mwa walimu wa shule ya Jumapili wanaoandaa jioni ya uinjilisti kwa watoto wa darasa la nne hadi la saba katika usharika mmoja hapa Moshi mjini. Walimu wa sharika nyingine wanaponiomba ushauri, huniuliza kwanza kuhusu nyimbo, michezo na mhubiri. Mimi huwauliza jambo moja: mtoto ambaye wazazi wake hawasali kwenu atafikaje nyumbani baada ya sala ya kufunga?

Mwaka wetu wa kwanza hatukujiuliza swali hilo. Tulikuwa tumewaambia wazazi kwamba tutamaliza saa mbili usiku, lakini kwaya iliongeza nyimbo, mhubiri akanogewa, na ilipofika saa tatu tulikuwa bado tunagawa chakula, ndipo umeme ukakatika. Katika giza lile watoto walitawanyika getini, wengine wakipakiwa watatu watatu kwenye bodaboda, na binti mmoja wa darasa la tano akabaki amesimama kando ya ukuta, ameshika sahani ya plastiki iliyofunikwa kwa sahani nyingine, kwa kuwa alikuwa amemwekea mdogo wake pilau. Mama yake alifika akimulika kwa tochi ya simu, amejitanda kitenge, akiwa amekwisha kuzunguka mitaa miwili akimtafuta. Hakupaza sauti. Alimshika mwanawe mkono, akaniambia, "Mwalimu, mlisema saa mbili." Mtoto yule hakuruhusiwa kuja tena, na sikuona sababu ya kumlaumu mama yake.

Tangu hapo tunaanza saa kumi jioni na kufunga saa moja kamili usiku, hata kama mhubiri yuko katikati ya sentensi. Jua la Moshi huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo watoto hupata nusu saa ya giza, nayo inatosha kabisa kwa moto wa kuni uwanjani. Mlangoni tunaweka daftari lenye jina la mtoto, darasa, mtaa, namba ya simu ya mzazi na jina la mtu atakayempokea. Fundi cherehani mmoja hutupa mabaki ya vitenge, nasi tunamfunga kila mtoto kitambaa mkononi kulingana na mtaa anaotoka: mtaa wa Pasua wana kitambaa chao, Njoro chao, Majengo chao. Kila kundi lina walimu wawili, mwanamke na mwanamume, wanaotembea nalo hadi kwenye milango ya nyumba, na hakuna mwalimu anayeruhusiwa kubaki peke yake na mtoto, iwe njiani au chooni.

Mwaliko nao haufai kuachiwa karatasi. Wiki mbili kabla, tunapita nyumba kwa nyumba, tukiwa tumekwisha kumwarifu mwenyekiti wa mtaa, na tunasema wazi kwamba kutakuwa na michezo, chai na mafundisho ya Biblia. Tuna majirani wengi Waislamu, na sijawahi kujuta kumwambia mzazi ukweli huo akiwa mlangoni pake. Wapo waliokataa kwa upole na kutukaribisha ndani, wapo waliosema mtoto aje. Kwa sababu hiyohiyo hatuwaiti watoto mbele kuokoka mbele ya wenzao. Mtoto wa miaka 10 atasimama kwa kuwa rafiki yake amesimama, kisha atarudi nyumbani na jambo asiloweza kumweleza baba yake.

Kuhusu tarehe, epuka Septemba, mwezi wa mtihani wa darasa la saba, na epuka pia wiki ya Krismasi, ambapo watoto wengi wa mjini hupandishwa kwa babu na bibi Kibosho, Machame au Rombo, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Sisi tumeizoea likizo ya Juni, ingawa kuna baridi.

Umri huu unahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu watoto hawa wanaona aibu kuimba nyimbo za kupiga makofi pamoja na wadogo zao, na bado hawajafika darasa la kipaimara. Wape kazi. Kijana wa darasa la sita aliyekaa amenuna nyuma ya viti alibadilika kabisa tulipomkabidhi uangalizi wa kuni. Mafundisho yasizidi dakika 15, na yafuatwe na sanduku la maswali yasiyo na majina. Sisi tunatumia boksi la viatu lililotobolewa juu. Mwaka jana nilifungua karatasi iliyouliza kama Mungu humsikia mtu asiyefumba macho, nyingine ikauliza bibi aliyekufa bila kubatizwa yuko wapi, na ya tatu, kwa mwandiko mdogo wa penseli, iliuliza: "Baba akirudi amelewa nikalale wapi?"

Swali kama hilo msilisome hadharani, na mkubaliane mapema nani atalishughulikia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki zake wajibu wa kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, na namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo. Tunaiandika kwa chaki kwenye ubao, kwa herufi kubwa, na inabaki hapo jioni nzima.

Chakula kisiwatese. Chai ya tangawizi na maandazi vinatosha, mradi vigawiwe kabla ya mafundisho, maana mtoto mwenye njaa hasikilizi.

Siku inayofuata, kusanyeni vilivyosahauliwa. Mara zote sisi hukuta sweta mbili tatu kwenye viti, na kwa kuwa daftari linaonyesha mtaa wa kila mtoto, tunazirudisha wenyewe kabla ya Jumapili. Mwalimu aliyebeba sweta ya mtoto iliyofuliwa na kukunjwa hukaribishwa ndani, akapewa kigoda, na mazungumzo na mama wa nyumba huanzia hapo.